Kabla ya Kuwasha Tangi la Chini

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya matangi ya samaki, mkiniuliza chombo kilichonifaa kuliko vyote nitawaambia ni pua. Bisibisi hupotea. Ndoo hutoboka. Pua unatembea nayo popote na haitaki betri. Siku hizi mna vile vichupa vya kupimia maji: unatia matone, maji yanageuka rangi, unajua kama yana sumu. Vitumieni. Hata mimi nilivitumia miaka yangu ya mwisho kazini na vilinisaidia. Lakini kabla hujafungua kichupa, piga magoti, fungua kabati lililo chini ya tangi, nusa.

Mimi sasa niko nyumbani Katito, nyuma kidogo ya soko. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, maana kazi hii ni ya kupiga magoti zaidi ya kanisa. Wateja wangu wa Kisumu waliniita Nyar Katito, yaani binti wa Katito, na jina hilo likashika hata nikalizoea. Nilihudumia matangi ya hoteli, ya kliniki, ya ofisi zenye viti vya ngozi ambavyo havikaliwi na mtu. Nimefundisha wachache kazi hii, na karibu wote walikuja wakidhani ni kazi ya kulisha samaki na kupangusa vioo.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mzee Opondo. Yeye alikuwa fundi wa pampu za maji, za visima na za mashamba, mpaka daktari mmoja akamwomba amtengenezee pampu ya tangi la samaki kwenye kliniki yake. Mimi nilikuwa mfagiaji pale. Kila akija aliniloweshea sakafu. Siku moja nikamwambia, "Mzee, wewe ukija ni kama mvua imeingia ndani. Kwani huwezi kufanya kazi bila kumwaga maji?"

Akanitazama juu ya miwani yake, akaninyooshea mpira wa maji. "Shika hapa basi, yasimwagike."

Nikashika. Kesho yake akaniuliza kama nitashika tena. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Hapakuwa na mahojiano.

Kitu cha kwanza alichonieleza ni kwamba tangi la samaki unaloliona ukumbini ni nusu tu. Nusu ya pili imefichwa kabatini. Maji ya juu yanamwagika kwenye bomba, yanashuka mpaka tangi la chini, lile mafundi wanaliita sampu. Huko yanapita kwenye sponji inayoshika takataka, halafu kwenye mawe mepesi yenye vitundu vingi, halafu pampu inayarudisha juu yakiwa safi. Ndani ya vile vitundu vinaishi vijidudu ambavyo macho hayavioni. Hivyo ndivyo vinavyokula sumu inayotoka kwenye mkojo na mavi ya samaki. Ukiua vijidudu, umeua samaki. Ni suala la muda tu.

Na vijidudu vile, Mzee alisema, vinapumua. Vinapata hewa kutoka kwa maji yanayopita. Stima ikipotea, pampu inanyamaza, maji yanasimama, hewa inaisha. Vijidudu vinaanza kufa na takataka zote zilizokuwa kwenye sponji zinaanza kuoza mle mle. Ikiwa ni muda mfupi, hakuna neno. Ikiwa ni mchana kutwa, anza kuwa na wasiwasi. Ikiwa ni zaidi ya hapo, lile tangi la chini si chujio tena. Ni choo kilichofungwa mlango.

Nilimsikia, lakini kusikia ni kitu kimoja. Nilikuja kuelewa kule mtaa wa Mamboleo.

Kulikuwa na mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale karibu na njia panda, mtu mcheshi sana, aliyeweka tangi dukani ili wateja wasichoke kungoja. Transfoma ya mtaa wao iliungua wakakaa gizani siku kadhaa. Samaki wake walivumilia, maana walikuwa wachache na tangi lilikuwa kubwa. Stima iliporudi alitupigia simu kwa furaha. "Mzee, msijisumbue kuja! Imejiwasha yenyewe, inanguruma vizuri kabisa!"

Mzee Opondo alikata simu, akachukua ndoo zake. Tulipofika samaki wote walikuwa wamelala ubavu, wengine tumbo juu. Mwenye duka alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, anaendelea kupangusa kioo kama mtu asiyejua afanye nini kingine. "Kwani nimefanya nini?" akauliza. "Walikuwa wazima asubuhi."

Mzee hakumlaumu. Aliniita mimi nipige magoti kabatini. Harufu ya mayai mabovu ilinipiga usoni nikarudi nyuma. Akasema, "Umenusa? Hiyo ndiyo ilipelekwa juu. Stima ilipopotea waliishi. Iliporudi ndiyo wakafa."

Maneno yale sikuyahitaji tena kwa miaka mingi. Stima za Kisumu zinapotea, ndiyo, lakini mara nyingi zinarudi kabla mambo hayajaharibika, na siku hizi wengi wana betri na inveta. Halafu ukaja ule wakati ziwa lilipopanda.

Mnaujua. Maji yalivuka kuta za ufukweni, yakaingia bustani, yakaingia majumba. Nguzo za stima zikawa zimesimama ziwani kama watu wanaooga, na laini ya upande ule ikazimwa yote ili watu wasiuawe. Ilikuwa busara. Lakini hoteli ya Mama Wanjiru ilikuwa upande ule.

Mama Wanjiru alikuja Kisumu kutoka upande wa Nyeri akiwa msichana, akauza viazi sokoni, akauza chai, mwisho akafungua hoteli ya samaki karibu na maji. Kijaluo chake kilikuwa na milima ya Nyeri ndani yake, wateja walicheka, lakini hakuna aliyekosa kumwelewa. Ukumbini alikuwa na tangi refu kama kitanda cha watu wawili, na ndani yake hakuweka wale samaki wa rangi wa dukani. Aliweka ngege, samaki wa ziwa letu wenyewe.

Nasema ngege wa asili, si huyu wa vizimba mnayemla nyinyi. Ngege wa zamani amekuwa adimu kwenye ziwa kubwa tangu mbuta, yule samaki mkubwa anayewala wenzake, aingie. Anapatikana zaidi kwenye viziwa vidogo upande wa Siaya, na ni huko mtu mmoja alikotoa vifaranga akamletea Mama Wanjiru kwenye jerikeni. Aliwalea mpaka wakawa wakubwa. Wazee wa mji walikuwa wanakuja pale, wanaagiza mbuta wa kukaanga, wanakaa kulielekea tangi. Mpishi wake, Achieng', alikuwa anasema, "Wanamla adui huku wanamtazama ndugu."

Tangi lile halikuwa langu. Lilikuwa na fundi wake, lakini alikuwa amehamia Nakuru. Mama Wanjiru alipata namba yangu kwa daktari wa ile kliniki niliyofagia zamani.

"Nyar Katito," akaniambia kwenye simu, "hawa samaki wangu wanakufa nikiwaona. Kuja."

"Barabara ya kwako si imejaa maji?"

"Imejaa. Vaa gambuti."

Nilivaa gambuti. Nilipofika, maji yalikuwa yametoka ukumbini yakaacha matope kwenye vigae. Meza zilikuwa zimerundikwa ukutani. Mama Wanjiru alikuwa amesimama juu ya kiti kando ya tangi, ana jagi la plastiki mkononi. Anachota maji ya tangi, anainua mkono, anayamwaga kutoka juu. Anachota tena. Achieng' alikuwa kwenye kiti cha pili upande wa pili, anafanya vile vile. Wafanyakazi wote wa hoteli walikuwa wanapokezana, mchana na usiku, tangu stima ikatwe. Familia yake ilikuwa imemsihi aende kwao mpaka ziwa lirudi mahali pake. Alikataa.

"Nani alikufundisha hivyo?" nikamuuliza.

"Hakuna. Niliona wako juu wanafungua mdomo, nikakumbuka chini ya maporomoko samaki hawafungui mdomo hivyo."

Ndugu zanguni, hiyo ndiyo dawa yenyewe. Maji yakianguka yanabeba hewa. Kama huna stima, huna betri, huna chochote, bado una jagi na mkono. Nilimwambia hivyo, na nikaona uso wake unalegea kidogo. Halafu nikaona vipande vyeupe vinaelea majini.

"Na hii ni nini?"

"Chapati."

"Nani amewapa samaki chapati?"

"Mimi," akasema Mama Wanjiru. "Wako na shida. Hata mimi nikiwa na shida nakula."

Nilizichota zile chapati moja moja. Kumbukeni: samaki mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula. Asichoweza ni kukaa bila hewa. Chujio likiwa limezimwa, kila unachomlisha kinarudi kuwa sumu na hakuna wa kukiondoa.

Nilikuwa nimebeba pampu zangu mbili ndogo za hewa, zile za betri. Nikaziweka, mapovu yakaanza kupanda, na kwa mara ya kwanza tangu nifike wale wanawake wawili wakashuka kwenye viti. Ndipo nikapiga magoti nikafungua kabati.

"Yawa!" Achieng' akaziba pua akiwa kule mlangoni. "Kuna maiti huko?"

Maji ya tangi la chini yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Sponji ilikuwa imefanya utelezi. Ni ile harufu ya Mamboleo. Nikachomoa plagi ya pampu, nikaiweka juu ya kabati mahali ninapoiona, nikatumbukiza mpira kwa kutumia mpini wa ufagio, nikaanza kuyanyonya yale maji kuyapeleka bustanini. Hayo maji hayatibiki, vijana. Hayachujwi, hayapewi dawa. Yanamwagwa.

Kulikuwa na fundi wa stima pale, Barasa, mtu wa Port Victoria, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Alikuwa ameitwa kukagua nyaya za hoteli kabla laini haijarudishwa, na alikuwa amezima meni swichi. Nikiwa pale chini nikasikia kelele nje. Mtaa mzima unapiga makofi. Stima imerudi.

Mama Wanjiru akaja mbio. "Barasa! Washa! Friza zangu zimeoza, samaki wangu wanakufa, washa!"

"Mama, ukumbini hapana," Barasa akasema. "Soketi za huku zilikaa ndani ya maji. Lazima nizifungue zikauke, zingine nibadilishe. Lakini jikoni waya zinapita juu, nimeangalia, ni kavu. Nitawasha jikoni peke yake."

"Washa jikoni basi."

Mlisikia? Hakuna aliyekosea hapo. Mimi ningefanya vile vile. Barasa akaenda, nikasikia friza zinaanza kunguruma kule nyuma, na mimi nikaendelea na mpira wangu.

Halafu nikasikia mlio mwingine, karibu na uso wangu. Mlio mwembamba, kama nyuki kwenye kopo.

Kumbe kwenye pembe ya nyuma ya lile tangi la chini, nyuma ya mawe, palikuwa na pampu ya pili, ndogo na kuukuu, iliyozama kabisa kwenye weusi. Fundi fulani wa zamani aliiongeza, na kwa kuwa soketi za ukumbini hazikutosha, alitoboa ukuta akapitisha waya mpaka jikoni. Mama Wanjiru hakujua. Barasa hakujua. Mimi niliona plagi moja nikachomoa moja.

Pampu ile ilikuwa na paipu yake ya plastiki inayopitisha mwanga, inayopanda hadi tangi la juu. Nikayaona maji meusi yanapanda ndani yake. Polepole, kwa kigugumizi, lakini yanapanda. Mawazo yangu yote yakawa kwa wale ngege. Nikauachia ufagio, nikapeleka mkono kwenye yale maji niing'oe ile pampu.

Nilivutwa kwa nyuma, kwa nguo, kama mtu anavyovuta gunia. Nikaanguka matopeni kwa makalio. Alikuwa Barasa. Alikuwa ameusikia ule mlio kutoka mlangoni.

"Usiguse maji!"

"Niache! Inapanda!"

"Iache ipande!" Mkono wake ulikuwa bado umeshika nguo yangu mgongoni. "Achieng'! Zima jikoni! Zima zote!"

Nilikaa pale nikiangalia. Ule weusi ulifika juu, ukaingia kwenye tangi la samaki na kutanda kwenye pembe moja kama wingu la moshi. Mara mlio ukakatika. Achieng' alikuwa amezima.

Barasa alienda jikoni akachomoa ile plagi kwa mkono wake, akarudi nayo, akauvuta ule waya wote kutoka majini taratibu. Akanionyesha. Panya alikuwa ameula. Kwa urefu wa kidole hivi plastiki ilikuwa imeisha, shaba iko wazi, na hapo ndipo palipokuwa chini ya maji, pale pale mkono wangu ulipokuwa unaelekea. Nami nimekaa kwenye sakafu yenye matope, nimelowa hadi magotini.

Nawaambia bila kuona haya. Nilikuwa nimefanya kazi ya maji na stima karibu maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba nilikuwa naishi kwa bahati.

"Nyar Katito," Mama Wanjiru akasema. Alikuwa ameshapanda kiti chake tena na jagi mkononi. "Pole. Lakini samaki."

Akawa ameniinua kwa neno hilo. Samaki walikuwa wanakimbia kutoka ile pembe, wanagonga vioo, wengine wanapinda. Nikahamishia pampu za hewa pale pale kwenye wingu. Nikaushika mpira nikaunyonya ule weusi kabla haujaenea, maana maji machafu yakiingia polepole hukaa mahali pamoja kwa muda kidogo, na huo muda ndio wako. Nyuma ya hoteli kulikuwa na mapipa ya maji yaliyokaa wazi tangu kabla ya mafuriko. Niliyatia dawa ya kuondoa klorini kwa usalama zaidi, nikaanza kujaza pale nilipopunguza. Si kwa kishindo. Jagi moja, pumzika, jagi lingine. Samaki aliyezoea maji yaliyochoka, ukimtupia maji mapya yote kwa mara moja unamuua kwa wema.

Barasa alibeba mapipa. Achieng' alimwaga. Jioni ilipokuwa inaingia samaki walikuwa wametulia, isipokuwa dume moja kubwa, mzee wao, ambaye wateja walimwita Chifu. Huyo alikuwa amelala chini. Mama Wanjiru aliingiza mikono akamtoa mwenyewe, akasimama naye akiwa amempakata juu ya aproni yake.

Barasa akavua kofia. "Mama, mimi ndio niliwasha."

Mama Wanjiru akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Na wewe ndio ulimshika huyu," akasema. "Endelea na kazi."

Basi tukaendelea, na sasa nitawaeleza tulivyolirudisha lile tangi la chini, maana najua mnangoja hapo. Nalo halikurudi siku hiyo. Asiwadanganye mtu kwamba ni kazi ya saa moja.

Kwanza, Barasa hakuniruhusu kutia hata kidole kabla hajahakikisha kila waya uko nje na kavu. Hakuuliza plagi ngapi zimechomolewa. Alifuata kila waya kwa mkono kutoka kifaa mpaka mwisho wake. Fanyeni hivyo. Usiamini plagi unayoiona, fuata waya. Soketi alizihamisha juu ukutani na akaweka swichi ya usalama, ile inayojikata yenyewe stima ikivuja. Akanifundisha jambo lingine ambalo sikuwahi kuambiwa: waya wa pampu uache ushuke chini kuliko soketi, halafu ndio upande. Tone likitembea juu ya waya linadondokea sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Kitu kidogo hivyo, na miaka yote nilikuwa nazikaza nyaya zangu ziwe nadhifu.

Mimi nikatoa kila kitu. Sponji ile tuliizika, haikuwa ya kuokolewa. Mawe niliyaosha mpaka maji yakatoka meupe na harufu ikaisha. Mkikuta mawe hayanuki, yameteleza tu, basi yasuuzeni kwa ndoo ya maji ya tangi lenyewe, msiyapeleke kwa bomba la mji, dawa ya bomba itaua vijidudu vilivyobaki. Lakini yakinuka kama yale, hakuna aliyebaki humo wa kumwonea huruma. Osha.

Bomba la kushukia maji nililisukumia kijiti, akatoka konokono na majani. Lingebaki limeziba, pampu ingepandisha maji, maji yasishuke, ukumbi ungejaa mara ya pili. Pampu kubwa niliifungua nikasafisha kile kigurudumu cha ndani mpaka kikazunguka kwa kidole.

Kisha nikaenda kliniki. Tangi la daktari halikuwahi kuzimika, lina betri, na samaki wake nilikuwa nawajua kwa afya yao. Nikakata kipande cha sponji yake, kikiwa kimelowa, nikakibeba kwenye kopo lenye maji. Hicho ndicho nilichokitia kwenye tangi la chini la Mama Wanjiru. Vijidudu vya jirani vinakubali kuhama, mradi visikauke njiani.

Siku ya kuwasha, sikuirudisha ile paipu kwa samaki. Niliielekeza kwenye ndoo. Barasa akawasha. Pampu ikakohoa, ikatema hewa, ikashika. Ndoo ya kwanza nilimwaga bila kuuliza. Ya pili nikanusa. Nikampa Mama Wanjiru akanusa, Achieng' akanusa, Barasa naye akainamisha kichwa chake kikubwa akanusa.

"Haina kitu," akasema.

"Hakuna kitu ndicho tunachotafuta," nikamjibu.

Hapo ndipo paipu ikapanda kwa samaki, na nikamwambia Barasa azime tena. Mama Wanjiru akapiga kelele. "Ngai! Mbona unazima?" Nilimwonyesha. Pampu ikizimwa, maji ya juu yanashuka yote yanayoweza kushuka, na tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea. Yalishuka, yakapanda karibu na ukingo, yakasimama. Kama yangemwagika, tungepunguza maji. Jaribu hilo ukiwa umesimama pale, usisubiri stima ipotee ukiwa kwako umelala. Halafu tukawasha, na safari hii tukaacha.

Wiki zilizofuata nilikuwa nakwenda karibu kila siku na vile vichupa vyangu vya kupimia, maana sumu hupanda polepole kabla vijidudu vipya havijaongezeka. Ikipanda, nabadilisha maji kidogo. Chakula niliwapa punje, na Mama Wanjiru alikatazwa kukaribia na chapati. Wawili zaidi walikufa. Wengine walirudiwa na rangi zao, wakaanza kufukuzana, na samaki wakianza kugombana ujue wamepona.

Ziwa lilikuwa limerudi nyuma na wateja wameanza kuja tena, siku Mama Wanjiru aliponipigia simu sauti ikiwa chini.

"Kuna mmoja hakuli. Yule jike mkubwa. Amejificha kwa kona, na shingo imevimba. Hata mdomo hafungui vizuri. Nimemwona tangu juzi, nikadhani ni ile maji chafu imemshika."

Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Wazee walikuwa kwenye meza zao, redio inaimba kule jikoni. Barasa alikuwepo, alikuwa amezoea kula pale. Nilikaribia kioo taratibu, nikachuchumaa hata magoti yakalia. Jike alikuwa ametulia pembeni, mapezi yanatikisika kidogo tu, na kidevu chake kimejaa kama mtu aliyeficha kitu mdomoni. Nikangoja. Mzee mmoja nyuma yangu akaacha kutafuna.

Akafungua mdomo. Vikatoka vitu vidogo, vyembamba kama kope za mtoto, vina macho. Vikatawanyika mbele ya uso wake, vinaogelea. Mhudumu akaangusha kijiko kwenye vigae, na vyote vikageuka kwa mara moja vikarudi mdomoni kwa mama yao, naye akafunga.

Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu bila mimi kusikia. Barasa alikuwa na kipande cha ugali mkononi. Mama Wanjiru akageuka kuelekea jikoni.

"Achieng'," akaita, kwa sauti ya chini kabisa, "punguza hiyo redio."